Mita 17 zilizopotea: kazi ya kutunza data za bahari

XBT haipimi kina cha maji. Watu wengi hudhani inapima. Ni kifaa kidogo chenye umbo la kombora, pua ya zinki na kihisi cha joto, kinachodondoshwa kutoka melini huku kikiachia waya mwembamba wa shaba. Kinachorekodiwa ni joto na muda tangu kiguse maji. Kina hukokotolewa kwa mlinganyo wa kasi ya kuzama.

Kwa aina za T-4 na T-7, mlinganyo wa mtengenezaji (t ni sekunde tangu kiguse maji) ulikuwa 6.472t − 0.00216t². Mwaka 1995 Hanawa na wenzake walichapisha mwingine uliotokana na kulinganisha XBT na CTD, kifaa sahihi zaidi kinachopima joto, chumvi na shinikizo: 6.691t − 0.00225t². Weka sekunde 80 kwenye kila mmoja. Wa zamani unakupa mita 503.9, mpya unakupa 520.9. Joto ni lile lile, ila limesogea mita 17.

Kusahihisha ni rahisi mno: zidisha kina cha zamani kwa 1.0336. Kigumu ni kujua kama faili uliyonayo imeshasahihishwa au la. Ikiwa mtu alishazidisha bila kuandika popote, nawe ukazidisha tena, ile 503.9 inakuwa 538.4, na hakuna programu itakayokushtua, kwa sababu profaili (mfululizo wa vipimo toka juu hadi chini) bado ina sura nzuri. Ndiyo maana kuna jedwali la Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) namba 1770, lenye msimbo kwa kila aina ya XBT na mlinganyo wake. Tarakimu chache tu. Hata hivyo profaili nyingi za miaka ya nyuma ziko kwenye hifadhi bila msimbo huo, na waliozipima hawapo tena wa kuulizwa.

Kazi yangu iko hapo. Msimamizi wa data za bahari anahakikisha kwamba swali litakaloulizwa miaka 30 ijayo lina jibu ndani ya faili yenyewe. Metadata ni hayo majibu. Hifadhi, seva na kompyuta kubwa ni muhimu, lakini diski iliyojaa namba zisizo na maelezo ni mzigo tu.

Faili ikifika, sianzi na joto wala chumvi. Naanza na mahali na wakati, maana vikikosewa hivyo, mengine yote ni bure. Kosa ninalolikuta sana ni nyuzi na dakika kuandikwa kama desimali: nyuzi 4 dakika 30 inaandikwa 4.30 badala ya 4.50. Tofauti ya nyuzi 0.2 kwenye latitudo ni maili 12 za baharini. Kuna njia rahisi ya kulinusa: angalia tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta katika safu nzima. Ukiwa na vituo vingi na hakuna kinachozidi .59, hizo ni dakika. Kisha saa. Meli inayokwenda noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa), ikiwa saa zake ni za eneo lililo saa 3 mbele ya UTC, saa sanifu ya dunia, inaonekana maili 30 mbali na ilipokuwa. Nakokotoa kasi kati ya kituo na kituo. Ikitoka noti 40, ama saa ama longitudo imeharibika, na mara nyingi ni alama ya kutoa iliyosahaulika.

Nafasi ya 0, 0 huwa ni sehemu iliyoachwa wazi ikageuzwa sifuri. Lakini usiandike programu ya kuitupa moja kwa moja. Mtandao wa PIRATA, wa maboya ya utafiti katika Atlantiki ya tropiki, una boya lililotiwa nanga pale pale, na data zake ni halali.

Baada ya hapo ndipo naingia kwenye vizio, na hapa sina huruma. Safu iliyoandikwa "oksijeni" peke yake nairudisha kwa aliyeituma. Mililita 5 kwa lita ni takriban mikromoli 223 kwa lita, kwa kuwa mililita moja ni mikromoli 44.66. Ukigawanya kwa uzito wa maji ya bahari, tuseme kilo 1.025 kwa lita, unapata kama 218 kwa kilo. Namba 5 na 218 huwezi kuzichanganya. Namba 223 na 218 utazichanganya bila kujua, na hiyo asilimia 2.5 inatosha kabisa kumfanya mtu atangaze kuwa bahari inapoteza oksijeni.

Chumvi ina mtego wake. Kipimo cha PSS-78, kinachokokotolewa kutokana na maji yanavyopitisha umeme, hakina kizio. TEOS-10, milinganyo ya kimataifa ya maji ya bahari iliyokuja 2010, inatumia chumvi halisi kwa gramu kwa kilo, na maji sanifu ya 35 kwenye kipimo cha kwanza ni kama 35.165 kwenye cha pili. Mwongozo wa TEOS-10 wenyewe unataka hifadhi ziendelee kutunza ile ya PSS-78, na chumvi halisi ikokotolewe wakati wa matumizi. Nakubaliana nao: tunza kilicho karibu zaidi na kipimo. Kwa sababu hiyo hiyo natunza shinikizo kwa desibari hata mtafiti anapotaka mita. Karibu na uso wa maji tofauti haionekani, ila desibari 10,000 kwenye latitudo 30 ni kama mita 9,713.

Sasa alama za ubora, ambazo huleta madhara kimyakimya. Kila thamani hupewa tarakimu ya kusema ni nzuri au mbaya, lakini tarakimu hizo hazina maana moja kote. Kwenye Argo (mtandao wa vifaa vinavyoelea baharini) na SeaDataNet (mtandao wa hifadhi za data za bahari za Ulaya), 1 ni nzuri na 4 ni mbaya. Kwenye mfumo wa WOCE (mradi wa kimataifa wa kupima bahari) wa sampuli za maji, nzuri ni 2, ilhali 1 ina maana kwamba sampuli imechukuliwa na majibu ya maabara hayajafika. Kali kuliko zote ni 6. Kwa WOCE ni wastani wa vipimo vilivyorudiwa, yaani kazi ya mtu makini. Kwa SeaDataNet ni thamani iliyo chini ya uwezo wa kifaa kuitambua. Hamisha faili bila kutafsiri alama, na vipimo vyako bora vinasomeka kama hakuna kitu. Kwa hiyo jina la mfumo wa alama liandikwe kwenye kichwa cha faili, siku zote, hata kama kwenye taasisi yenu "kila mtu anajua".

Viwango vyenyewe havitishi ukivigawa kwa kazi. ISO 19115 inaeleza seti nzima ya data: nini, wapi, nani, kwa ruhusa gani. Kanuni za CF zinaeleza kila kigeu ndani ya faili ya NetCDF (muundo wa faili za data za kisayansi), kwa jina sanifu na kizio. Istilahi za P01 kwenye seva ya NERC, baraza la utafiti wa mazingira la Uingereza, huingia ndani zaidi, hadi njia iliyotumika kupima. Data za viumbe hufuata muundo wa Darwin Core zikienda OBIS, hazina ya data za viumbe vya bahari, na jina la spishi hufungwa kwa namba ya WoRMS, orodha ya majina ya viumbe hao, ili likibadilishwa kesho usipotee. Usibuni istilahi yako. Ikikosekana, omba iongezwe.

Anayetaka kuingia kwenye kazi hii si lazima awe mwanasayansi wa bahari, ingawa inasaidia kujua kwa nini nyuzi 28 kwenye mita 3,000 haiwezekani. Jifunze Python ya kusoma NetCDF, SQL ya kutosha, na programu ya ODV kwa kutazama profaili kwa macho. Jicho hukamata miruko ambayo majaribio ya mashine yameipitisha. IODE, mpango wa data wa UNESCO ulioanzishwa 1961, una mafunzo yake kupitia OceanTeacher. Na uzoee kuandika barua pepe za kuuliza: kihisi namba ngapi, kalibresheni ya lini, nani alibadilisha safu hii. Uliza wiki ile ile meli inapotia nanga. Baada ya mwaka utajibiwa "nadhani".

Kabla ya kufunga seti, mpe faili mwenzako ambaye hakuwa kwenye safari ile. Kaa pembeni, usiseme neno. Kila anachouliza, kiandike. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye metadata.