Burns hakuokota mashairi shambani

Nimelisikia tena wiki hii, kutoka kwa kijana niliyemrudishia shairi lake kwa sababu vina vilikuwa vimeparaganyika. "Mwalimu, mbona Robert Burns, yule mshairi wa Uskoti wa karne ya 18, alikuwa mkulima tu, hakusoma, mashairi yakamjia yenyewe?" Nafundisha ushairi miaka mingi na kauli hiyo imenichosha. Si kweli, tena inawafuta watu wote waliomlea mshairi yule.

Chanzo chake kinajulikana. Kitabu cha kwanza cha Burns kilichapwa Kilmarnock, Uskoti, Julai 1786, nakala 612. Desemba mwaka huo Henry Mackenzie, mwandishi aliyeheshimika Edinburgh, alimsifu kuwa mlimaji aliyefundishwa na mbingu, na mabwana wa mjini wakaipenda picha hiyo. Burns mwenyewe aliichochea: katika dibaji yake alijieleza kama mtu asiyezijua kanuni za utunzi. Alijua wanunuzi wake wanataka kusikia nini.

Sasa tazameni alivyolelewa. Baba yake, William, alikuwa mtunza bustani aliyegeukia kilimo cha shamba la kukodi. Mwaka 1765, Robert akiwa na miaka 6, mzee huyo aliungana na majirani wa Alloway wakamwajiri John Murdoch, mwalimu wa miaka 18, awafundishe watoto wao. Murdoch aliwabana kwenye sarufi na kuwafanyisha zoezi la kugeuza mashairi kuwa nathari, na baadaye alimfundisha Robert Kifaransa. Mama yake, Agnes, hakujua kuandika, lakini aliijaza nyumba nyimbo za kale.

Kuna kitabu cha nyimbo ambacho Burns hakukiacha mkononi. Alikisoma akiendesha mkokoteni, akikisoma njiani kwenda kazini, wimbo baada ya wimbo, mshororo baada ya mshororo, akitenganisha hisia ya kweli na ya kujitia. Aliyasimulia hayo mwenyewe mwaka 1787 katika barua ndefu kwa Dk. John Moore, daktari na mwandishi. Wanafunzi wangu wote huwa nawaagiza waanze na barua hiyo kabla ya kugusa wasifu wowote, nanyi nawaagiza vivyo hivyo.

Hata ubeti unaoitwa kwa jina lake hakuubuni yeye. Una mishororo 6: wa 1, 2, 3 na 5 ni mirefu yenye kina kimoja, wa 4 na wa 6 ni mifupi yenye kina kingine. Ulikuwapo Uskoti kabla hajazaliwa. Aliuchota kwa washairi wa Uskoti waliomtangulia, Allan Ramsay na Robert Fergusson, huyu wa pili akiwa amefariki mwaka 1774 akiwa na miaka 24 tu. Burns alipofika Edinburgh akakuta kaburi la Fergusson halina jiwe, aliomba kibali mwaka 1787 aliwekee kwa gharama zake. Mtu aliyefundishwa na mbingu peke yake asingekuwa na deni hilo la kulipa.

Marafiki nao walifanya kazi yao. Richard Brown, baharia aliyejuana naye mjini Irvine, ndiye aliyemwambia mashairi yake yanastahili kuchapishwa. Robert Aiken, wakili wa Ayr, alikusanya peke yake majina 145 ya watu waliokubali kununua kile kitabu cha Kilmarnock kabla hakijatoka. Hesabuni wenyewe: karibu robo ya nakala zote.

Kwamba pombe ilimuua? Uvumi huo ulipata nguvu kwa wasifu wa James Currie, daktari wa Liverpool, mwaka 1800. Burns alikunywa, ndiyo. Lakini alikuwa afisa wa ushuru, na aliandika kwamba kazi hiyo ilimpandisha farasi maili 200 kwa wiki. Msimamizi wake, Alexander Findlater, alishuhudia kwamba hakuwahi kumkuta akishindwa kazi. Madaktari waliochunguza dalili zake baadaye wanaelekea kwenye homa ya baridi yabisi iliyomharibu moyo.

Kuhusu wanawake simtetei. Alizaa nje ya ndoa, tena zaidi ya mara moja. Kinachonikera ni mkewe, Jean Armour, kufanywa kivuli, wakati yeye ndiye aliyezaa naye watoto 9. Mwaka 1791 Ann Park alimzalia Burns binti tarehe 31 Machi, na Jean akajifungua mwana tarehe 9 Aprili. Jean alimlea na yule binti pia.

Na kwamba alikufa ametupwa na rafiki zake wote, hapana. Frances Dunlop, aliyeandikiana naye tangu 1786, kweli alinyamaza mwaka 1795, baada ya Burns kuandika kwa dharau juu ya mfalme na malkia wa Ufaransa waliokatwa vichwa. Mama huyo alikuwa na mabinti walioolewa na Wafaransa wakimbizi waliomtii mfalme, hivyo tusi lile lilimfikia nyumbani. Lakini mjini Dumfries binti wa jirani, Jessie Lewars, alimuuguza, na Dk. William Maxwell akamtibu hadi mwisho, tarehe 21 Julai 1796. Alizikwa tarehe 25. Siku hiyohiyo Jean alijifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la Maxwell.