Je, wajua kwa nini kumpigia simu mwenzako wa kazini wa zamani kunatia woga?

Tabora ni mji wa watu wa uhamisho. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na njia ya Mwanza ikakamilika mwaka 1928. Tangu hapo mji umekuwa ukipokea na kusindikiza watumishi: mabwana stesheni, madereva wa treni, walimu, wauguzi, mabwana shamba wa tumbaku. Leo mnakunywa chai pamoja nyuma ya ofisi, mwezi ujao mwenzako ameshika barua ya kwenda Kibondo. Mnaagana kwa ahadi nyingi. Miaka miwili baadaye kilichobaki ni kutazamiana status za WhatsApp, tena kimyakimya.

Imekuwaje watu waliokula sahani moja wakashindwa hata kupigiana simu?

Roho mbaya si sababu. Urafiki wa kazini, kwa sehemu kubwa, hubebwa na mahali. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya familia za wanafunzi waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za chuo cha MIT, Marekani. Waliona kwamba mtu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanya urafiki na jirani wa mlango unaofuata kuliko na yule wa mwisho wa korido, ingawa umbali wenyewe ulikuwa hatua chache tu. Ofisi nayo iko hivyohivyo. Hukumchagua mwenzako wa meza ya pili. Mlikutanishwa na ratiba, mkazoeana.

Kuzoeana huko kunakula muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kwamba mtu unayemfahamu huhitaji saa kama 50 za kuwa naye ndipo awe rafiki wa kawaida, saa kama 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe wa karibu. Hall huyohuyo anasema saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito sana. Zinazojenga ni zile za kupiga soga, kula na kucheka. Maana yake ile chai ya saa nne, ambayo wakubwa wengine huiona ni uvivu, ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kubwa. Barua ya uhamisho inapofika, chai hiyo inakatika siku ileile, na hakuna anayepanga ratiba nyingine ya kuiziba.

Kisha kuna suala la nafasi. Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, anajulikana kwa hoja yake kwamba binadamu anamudu uhusiano wa kweli na watu kama 150, na kwamba ndani yao wapo 5 wa karibu kabisa, kisha 15, kisha 50. Wapo wanaoipinga namba hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa Stockholm walisema hesabu zake zinayumba mno kutoa kikomo kimoja. Binafsi naona namba si hoja. Hoja ni kwamba muda una mwisho, na unapohamia kituo kipya, wapya wanaingia, wa zamani wanasogea nyuma bila mtu yeyote kuwafukuza.

Hadi hapo ni kusahauliana tu. Kinachoshangaza ni hiki cha pili: kwa nini, hata tunapomkumbuka mtu na tuna namba yake na salio lipo, kidole kinagoma?

Mwaka 2024 Lara Aknin na Gillian Sandstrom, mmoja wa Canada na mwingine wa Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwapa watu muda na nafasi ya kumwandikia rafiki waliyepoteana naye, mtu ambaye wenyewe walisema wangependa kumpata. Ni kama theluthi moja tu waliotuma ujumbe. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo waliulizwa wako tayari kiasi gani kufanya mambo mbalimbali, na utayari wa kumtafuta rafiki wa zamani haukuzidi ule wa kuongea na mtu wasiyemjua, wala ule wa kuokota takataka.

Upande wa anayepokea nao umechunguzwa. Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake, mwaka 2022, waliwalinganisha watumaji na wapokeaji wa salamu za ghafla. Watumaji walidhani salamu zao zitapokelewa kwa furaha ya kawaida. Wapokeaji walifurahi zaidi ya hapo. Na kadiri salamu ilivyokuwa haitarajiwi, ndivyo furaha ilivyozidi. Anayetuma anawaza maneno yake, kama yametosha, kama yataonekana ya ajabu. Anayepokea hana habari na hayo. Yeye anaona tu kwamba amekumbukwa.

Hizo ni tafiti za kwao. Huku kwetu woga una mizizi yake mingine, na nadhani ni minene zaidi.

Mmoja ni mzinga. Tumezoea kwamba "za siku nyingi" ikiingia kwenye simu, nyuma yake kuna mkopo wa hadi mwisho wa mwezi au kadi ya mchango wa harusi. Anayepokea anajihami, na anayetaka kusalimia tu anajua kwamba atashukiwa. Dawa yake ni kusema wazi mapema: "Kaka, mimi mwenzako wa zamu ya usiku pale stesheni. Sina shida yoyote, nimekukumbuka tu." Mtacheka wote wawili, kwa sababu wote mnajua kwa nini umelazimika kusema hivyo. Ila ukishasema huna shida, usiwe nayo wiki inayofuata.

Mwingine ni msiba. Ulisikia amefiwa na mama yake, hukufika, hukutuma hata rambirambi, na sasa kila mwaka unaopita unaongeza aibu. Naamini huu ndio unaofunga simu nyingi kuliko mambo yote. Watu hupanga kuzunguka: watasalimia kwanza, wataulizia watoto, halafu waone. Huko ni kujitesa. Pole iwe sentensi ya kwanza baada ya salamu. Kwetu mtu hupokelewa akija kuhani hata baada ya miezi sita, na aliyefiwa mara nyingi hushukuru zaidi wanaokuja wakati turubai limeshatolewa na nyumba imebaki tupu.

Wa tatu ni heshima, na huu hauonekani kirahisi. Kwa desturi mdogo ndiye anayemtafuta mkubwa. Yeye ndiye mwenye kuanza na shikamoo. Kwa hiyo mzee aliyestaafu ametulia kwake Cheyo akingoja vijana wake wa ofisini wamkumbuke, kwa sababu akiwapigia yeye ataonekana anaomba. Vijana nao wanasema, "Mzee amepumzika, tusimsumbue." Kila upande unamheshimu mwenzake, na kimya kinaendelea miaka kumi. Kama wewe ndiye mdogo, zamu ni yako.

Wanyamwezi wana chombo kingine kizuri kwa kazi hii: utani. Mapokezi yanasema utani wao na Wazaramo ulikua enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu. Mtani ana ruhusa ya kukushambulia mahali ambapo ndugu yako angeona haya. "Wewe bado uko hai? Sisi tulishagawana nguo zako." Mwenye mtani kati ya wenzake wa zamani aanze na huyo. Hakuna maelezo yatakayohitajika kuhusu ulikuwa wapi, na kupitia kwake utapata habari za wengine watano.

Habari hizo ni muhimu, maana namba zimepotea nyingi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia kikomo Januari 2020, laini ambazo hazijasajiliwa zilianza kufungwa, na nyingine baadaye zikaishia kwa watu wengine kabisa. Ukipiga ikapokelewa na mtu asiyekujua, usikate tamaa. Nenda kwa mama ntilie aliyekuwa akiwalisha. Huyo anajua nani yuko Urambo, nani alirudi kwao Kasulu, nani anaumwa, na nani aliondoka na deni lake la chapati. Asipokuwepo yeye, jaribu mlinzi wa zamani au mtu wa masjala.

Je, upige au uandike? Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2021 jaribio la watu waliowasiliana na marafiki wa zamani, wengine kwa sauti, wengine kwa barua pepe. Waliotarajia kupiga simu walihofia kubabaika. Walipopiga, hawakubabaika kuliko walioandika, na walitoka wakijiona karibu zaidi na rafiki. Kwa hiyo piga. Ukishindwa kabisa, ipo njia ya kupasha misuli kutoka kwa Aknin na Sandstrom, wale wawili wa 2024: waliotumia dakika tatu kwanza kuwaandikia marafiki wa sasa walipata nguvu ya kumwandikia yule wa zamani, na waliotuma wakafika asilimia 53, wakati ambao hawakupasha walikuwa 31.

Faida ya haya yote haiishii kwenye furaha. Mark Granovetter, katika makala yake maarufu ya mwaka 1973, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema mara kwa mara hawakufika asilimia 17. Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja, na karibu asilimia 28 walisema kwa nadra. Marafiki wa karibu wanajua unayoyajua. Wa mbali wanakaa kwenye habari nyingine. Mwaka 2011 Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan wakaongeza jambo: waliwaomba mameneja wawatafute watu ambao hawakuwa wamewasiliana nao kwa miaka isiyopungua mitatu, wawaombe ushauri wa kazi. Ushauri ulikuja na mambo mapya zaidi kuliko ule wa wenzao wa kila siku, na kule kuaminiana kwa zamani kulikuwa bado kupo. Muuza asali wa Tabora mwenye mwenzake wa zamani aliyehamia Kigoma mjini ana mtu wa kumweleza soko la Mwanga linataka nini, bila kupanda treni.

Si kila mtu ni wa kutafutwa. Aliyekuonea kazini mwache alipo. Na kama unadaiwa, tanguliza pesa, hata nusu, ndipo upige.

Baada ya simu ya kwanza watu hukimbilia kufungua kundi la WhatsApp la watu 60. Kundi hilo litakuwa la picha za maua ya asubuhi na matangazo ya misiba, basi. Ni Dunbar huyohuyo na wenzake walioona kwamba mazungumzo ya pamoja hubeba watu kama wanne, wakizidi, yanagawanyika. Kwa hiyo chagueni wanne, siku moja, chini ya mwembe pale mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, na chai iwepo. Mkiwa kumi, wawili watahutubia na waliobaki watachezea simu.