Je, wajua kwa nini diski 4 za terabaiti 4 hukupa terabaiti 12 tu?

Umefunga diski nne kwenye seva, kila moja ya terabaiti 4. Unaingia kwenye menyu ya kidhibiti cha RAID, yaani kifaa kinachounganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja, unachagua RAID 5, mojawapo ya mipangilio yake, na voliyumu, yaani hifadhi moja inayoundwa na diski hizo, inatokea ikiwa na terabaiti 12. Nne nyingine ziko wapi? Zimechukuliwa na pariti, hesabu ndogo inayorudisha data ya diski iliyokufa.

Wazo la RAID lilienea mwaka 1988, pale David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipopendekeza diski nyingi za bei nafuu zishike nafasi ya diski moja kubwa ya gharama. Ubaya wake ni kwamba diski zikiwa nyingi, uwezekano wa mojawapo kufa nao huongezeka. Kwa hiyo ilibidi kuwe na kinga.

Kidhibiti huikata data vipande, mara nyingi vya kilobaiti 64 au 256, kikavisambaza kwenye diski tatu, halafu diski ya nne ikapewa pariti ya vipande hivyo. Tuangalie biti moja moja. Diski ya kwanza ina 1, ya pili 0, ya tatu 1. Sheria ni kwamba idadi ya 1, ukijumlisha na pariti, lazima iwe shufwa. Hapa ziko mbili tayari, basi pariti ni 0.

Sasa diski ya tatu ife. Tumebaki na 1, 0 na pariti 0. Kuna 1 moja tu, nayo ni witiri, kwa hiyo biti iliyopotea haiwezi kuwa nyingine ila 1. Kidhibiti hurudia hesabu hiyo kwa matrilioni ya biti hadi diski mpya ijae. Hakuna nakala ya diski iliyokuwa imefichwa mahali, na hilo ndilo linalonivutia zaidi katika RAID 5.

Kila badiliko dogo, hata hivyo, lina gharama: kusoma data ya zamani na pariti yake, kisha kuandika data mpya na pariti mpya. Kazi nne. Pariti ingekaa diski moja tu, diski hiyo ingeelemewa, ndiyo maana huzungushwa kwenye diski zote. Vidhibiti vizuri pia huwa na kumbukumbu ya muda inayolindwa na betri, ili umeme ukikatika, yale ambayo hayajafika kwenye diski yasipotee.

Kujenga upya diski kubwa huchukua saa nyingi, na muda wote huo diski zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho. Ya pili ikifa kabla kazi haijaisha, voliyumu yote imekwenda. Kwa diski kubwa mimi ningechagua RAID 6, yenye pariti mbili, hata kama hizo nne zitanipa terabaiti 8 tu. Na chelezo, yaani nakala ya data iliyowekwa mahali pengine, bado inahitajika, kwa sababu faili ukilifuta kwa bahati mbaya, pariti hubadilishwa papo hapo ilingane na ufutaji huo.

Siku ya kubadilisha diski, chagua kujenga upya. Ukiunda voliyumu mpya na kuianzisha, kidhibiti kitaandika juu ya data uliyokuwa unaiokoa.