Je, Wajua Kwa Nini Kugawa kwa sin x Hupoteza Majibu?

Chukua swali hili: tafuta thamani zote za x kuanzia 0° hadi 360°, ikiwa 2 sin x cos x = sin x. Wengi hugawa pande zote kwa sin x, wakabaki na cos x = ½, wakaandika 60° na 300°. Kumbe majibu ni matano. Yaliyopotea ni 0°, 180° na 360°.

Aliyekosa kwa kawaida hurudi kukagua ni robo ipi ya duara ambamo kosini ni chanya. Anakuta ni ya kwanza na ya nne, sawasawa kabisa, kwa hiyo haoni kosa. Halipo huko. Lipo pale mwanzo, sin x ilipoondolewa. Tangu shule ya msingi tumezoea kwamba ukigawa pande zote kwa kitu kilekile, mlinganyo haubadiliki. Ni kweli kwa 3, kwa 7, kwa nusu. Kwa sifuri si kweli, na sin x hubadilika kadiri pembe inavyozunguka: ikifika 0°, 180° au 360°, huwa sifuri.

Fikiria meza mbili za maembe sokoni. Idadi ya maembe ni sin x. Bei ya embe moja meza ya kwanza ni 2 cos x. Meza ya pili ni 1. Malipo yatalingana lini? Bei zikiwa sawa, naam. Lakini yatalingana pia usiponunua hata embe moja. Kwenye 0° meza moja inauza kwa 2 na nyingine kwa 1, ila malipo ni sifuri kote. Ukigawa kwa sin x, umebaki na swali la bei tu.

Basi hamisha kwanza: 2 sin x cos x − sin x = 0. Toa sin x nje ya mabano: sin x(2 cos x − 1) = 0. Sasa ama sin x = 0, ama cos x = ½, na yote matano yanatoka. Swali likisema x < 360°, ondoa 360°.

Kuna mahali kugawa ni halali. Kwenye sin x = √3 cos x, gawa kwa cos x upate tan x = √3, yaani 60° na 240°. Hakuna kinachopotea, kwani cos x ikiwa sifuri, sin x ni 1 au −1, na mlinganyo ungedai 1 = 0 au −1 = 0.