"Usually" si kila "hu-"

Wanafunzi wengi wa Kiingereza ninaowafundisha huja na kanuni moja kichwani: ukikutana na hu- kwenye kitenzi, andika "usually", yaani "kwa kawaida". Mara nyingi wanapona nayo. Halafu inakuja sentensi kama "Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100", wanaandika "Water usually boils at 100 degrees Celsius", na mwalimu wa fizikia anabaki kujiuliza siku nyingine maji hayo yanafanya nini.

Tatizo ni kwamba hu- yetu inabeba mizigo miwili. Inataja mazoea ya mtu (Juma huvuta sigara) na inataja pia namna dunia ilivyo (jua huchomoza mashariki). "Usually" haiwezi mzigo wa pili, kwa sababu ndani yake mna kukiri kwamba zipo mara ambazo mambo huenda vingine. Kanuni ya maumbile Mwingereza huisema kwa kitenzi kitupu cha wakati uliopo: "water boils", "the sun rises". Najua mbishi ataniambia kwamba kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ni kweli, lakini hata hapo Kiingereza hakiongezi "usually". Kinataja sharti, "at sea level", yaani kwenye usawa wa bahari.

Hata kwenye mazoea, kitenzi kitupu mara nyingi kinatosha. "Asha huenda sokoni Jumamosi" ni "Asha goes to the market on Saturdays", basi. Ongeza "usually" pale unapotaka msikilizaji ajue kwamba zipo Jumamosi ambazo Asha haonekani sokoni.

Kosa ninalolisahihisha kuliko yote ni hili: "I am usually wake up at six." Chanzo chake ni "huwa". Tunasema "huwa naamka saa kumi na mbili", na ndani ya "huwa" kuna kitenzi "kuwa", kwa hiyo mwanafunzi anaona ni lazima "am" nayo ipate kiti. Haina kiti. "Huwa" yote imeshaingia kwenye "usually": "I usually wake up at six." Kielezi hiki hukaa kabla ya kitenzi kikuu, lakini baada ya "am", "is" na "are" zinaposimama peke yake: "She is usually late." Kukiwa na kitenzi kisaidizi, kinakaa baada ya kile cha kwanza: "They have usually left by noon." Mwanzoni mwa sentensi pia kinakubalika.

Kwenye kukanusha, uangalifu unalipa. Umekaribishwa kahawa ukajibu "I don't drink coffee": mwenyeji anaondoa kikombe, maana umesema hunywi kabisa. Ukijibu "I don't usually drink coffee", ambayo ni "huwa sinywi kahawa", umeacha nafasi, na mwenyeji mwenye akili atauliza, je, leo?

"Usually" ina jirani anayechanganywa nayo sana, "regularly". "He usually misses the bus" maana yake siku anazolipata basi ni chache. "He regularly misses the bus" inasema tu kwamba jambo hilo linajirudiarudia. Huenda ni mara mbili kwa mwezi, na siku zilizobaki anawahi vizuri. Dawa nazo tunaambiwa tuzitumie "regularly", yaani kwa mfululizo, bila kurukaruka dozi. "Usually" hapo haiingii hata kwa kulazimisha, kwa kuwa haikai na amri. "Always take the tablets with food" ni Kiingereza safi. "Usually take the tablets with food", kama agizo kwa mgonjwa, hutaisikia kwa mfamasia yeyote, maana huwezi kumwamuru mtu jambo na papo hapo ukampa ruhusa ya kutolifanya.