Je, wajua kwa nini gari la fowili (linalosukumwa na magurudumu yote manne) kama Land Rover Defender hugoma kusogea ukilitoa propela moja?

Propela, yaani ule mhimili mrefu wa chini ya gari unaopeleka mzunguko kwenye magurudumu, ikianza kugonga au krosi zake (viungo vya ncha zake) zikiisha, wenye magari kadhaa Malindi huamua kuitoa kabisa ili gari lisukumwe na magurudumu mawili tu. Hesabu yao inaeleweka: barabara ya Mombasa ni lami, ya Garsen nayo ni lami, fowili ya nini? Basi propela ya mbele ya Defender inafunguliwa, injini inawashwa, gia inaingia, klachi inaachiwa, na gari halisogei hata inchi. Ukichungulia chini utaiona flanji (sahani ya chuma propela ilikofungwa) iliyoachwa wazi ikizunguka peke yake kwa kasi.

Gia boksi haina kosa. Defender husukuma magurudumu yote manne wakati wote, na kati ya propela ya mbele na ya nyuma kuna difu ya tatu, yaani gia zinazogawa mzunguko pande mbili. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na difu hiyo ya kati ndiyo inayoruhusu kila upande uzunguke kwa mwendo wake. Shida ni kwamba difu hupeleka mzunguko palipo wepesi. Flanji isiyobeba kitu ni nyepesi kuliko gari zima, kwa hiyo mzunguko wote huishia hapo.

Dawa ni kuifunga difu ya kati. Kwenye Defender, sukuma ule mti mfupi wa gia kushoto hadi taa ya difu iwake kwenye dashibodi. Taa isipowaka, sogeza gari kidogo mbele na nyuma kabla hujafungua propela, meno yaingiliane. Tangu hapo difu hiyo ibaki imefungwa siku zote ambazo propela haipo.

Hapa ndipo pa hatari, na mafundi wengi hawapasemi. Propela moja ikiwa imetolewa na difu ya kati haijafungwa, kuliacha gari kwenye gia hakulizuii kuteremka. Hata P ya otomatiki haishiki, kwa sababu flanji iliyo wazi inazunguka tu. Breki ya mkono ya Defender nayo hushika propela ya nyuma, si magurudumu yenyewe. Kwa hiyo ukiitoa ile ya nyuma bila kufunga difu ya kati, hata breki ya mkono haina cha kushika. Weka mawe au kabari kwenye magurudumu kabla hujaingia chini.

Kazi yenyewe ni ya boliti nane, nne kila upande, na nati zake ni za spana ya 9/16. Kwanza tia alama ya rangi kwenye propela na kwenye flanji, ili siku ya kurudisha zikae palepale. Zikikosana, gari hutetemeka mwendoni. Fungua upande mmoja, ifunge propela kwa kamba isining'inie, ndipo ufungue wa pili. Nati hizo hujikaza zenyewe, kwa hiyo wakati wa kurudisha tia mpya.

Faida yake je? Ndogo sana. Magurudumu ya mbele bado yanazungusha hafu shafti (vyuma vya kutoka difu hadi gurudumu), na hafu shafti bado zinazungusha difu ya mbele. Ulichoondoa ni uzito wa propela na kelele ya krosi. Wakati huohuo nguvu yote imehamia ekseli ya nyuma, na hafu shafti za nyuma hukatika ukipakia mzigo mzito na kuondoka kwa gia ya low. Kama tatizo ni krosi, badilisha krosi.

Hilux za zamani, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Suzuki ndogo zenye 2H (magurudumu mawili), 4H (manne) na 4L (manne kwa gia nzito) hazihitaji kufunguliwa chochote. Ukiwa 2H tayari gari linasukumwa na nyuma. Zile zenye hab za kuzungusha kwa mkono (vifungio katikati ya magurudumu ya mbele: LOCK huyaunganisha na hafu shafti, FREE huyaachia), ziweke FREE, na mbele nzima, propela pamoja na difu, hutulia. Huo ndio uokoaji wa kweli wa mafuta na vyuma. Adui wake huku ni chumvi na mchanga: hab hushika kutu ndani, kisha siku unayohitaji LOCK haigeuki. Fungua boliti sita ndogo za kifuniko, spana namba 10, osha ndani kwa petroli, kausha, paka grisi nyembamba. Ukiijaza grisi, meno huteleza polepole na hab haishiki. Toyota yenyewe hushauri uendeshe kwa fowili angalau kilomita 16 kila mwezi ili oili ifike kila mahali, na mchanga wa Mambrui unafaa kwa hilo. Usifanye hivyo kwenye lami kavu: magari haya hayana difu ya kati, tairi haziwezi kuteleza, na vyuma hujikaza hadi kitu kivunjike.

Magari madogo yana habari nyingine. Honda CR-V za mwanzo zina flanji mbele na nyuma, propela hutoka na gari likaendelea na magurudumu ya mbele bila shida. Subaru ni kinyume: mwisho wa propela huingia ndani ya gia boksi, ukiuchomoa oili humwagika, na kwenye gari la gia za mkono difu ya kati huungua. Subaru nyingi za otomatiki za miaka ya 1990 zina kijumba cha fyuzi kilichoandikwa FWD kwenye sehemu ya injini. Ukichomeka fyuzi, gari huvutwa na mbele tu. Hilo ni la muda mfupi, kama vile umefunga spea ndogo.

Na kabla ya kumwita fundi kwa sababu gari linajikaza kwenye kona, angalia tairi. Mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma huzunguka kwa idadi tofauti, na difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika, Malindi hadi Mombasa. Nunua nne za saizi moja na chapa moja, uzijaze upepo sawa, kisha ujaribu kona ileile tena.