Kutoka Mandalay hadi Bagan kwa boti: udongo kwanza, mahekalu baadaye

Wanaouza safari za boti katika Mto Ayeyarwady, nchini Myanmar, huzigawa sehemu mbili: kuna mahekalu ya Kibuddha, ambayo ndiyo mgeni ameyalipia, na kuna vijiji, ambavyo huwekwa katikati ya safari ili watu wanyooshe miguu na kununua vitambaa. Mimi ni mhifadhi wa majengo ya kale na kazi yangu ni kuta, na kwa jicho la kazi hiyo sikubaliani na mgawanyo huo. Katika nyanda za kati za Myanmar hekalu ni tofali, na tofali ni udongo wa nchi ile ile inayopitiwa na mto. Anayeshuka kwa wafinyanzi atalielewa hekalu kuliko anayekaa saa nzima mbele yake akisubiri jua lizame.

Mandalay hadi Bagan ni kilomita 170 hivi kwa njia ya maji, na boti la kasi linaloondoka asubuhi hufika jioni ya siku hiyo hiyo, ingawa safari ya kusimamasimama ina faida zaidi. Mvua huko huletwa na pepo za kusi, zile zile zinazotuvumia pwani ya Afrika Mashariki kabla ya kuvuka bahari, nazo huujaza mto kuanzia Mei hadi Oktoba. Ifikapo Februari maji yamepungua na mafungu ya mchanga yameibuka. Hapo ndipo utawaona mabaharia wawili wamesimama omoni, kila mmoja upande wake, wakichovya pondo zilizopakwa mistari ya rangi nyekundu na nyeupe na kumpa nahodha habari za kina cha maji, kwa maana mkondo uliopitika mwezi uliopita huenda leo umezibwa, na kupwelewa katikati ya mto ni jambo la kawaida. Mafungu hayo hayo ni mashamba. Maji yakishuka, watu huhamia juu yake na nyumba za mianzi, hulima karanga, maharage na mahindi katika tope jipya, kisha hufungasha kila kitu mto unapoanza kujaa tena.

Kabla ya kuelekea kusini, inafaa kwanza kupanda mto kwa saa moja hivi hadi Mingun. Mfalme Bodawpaya alianza kujenga stupa, yaani mnara wa ibada wa Kibuddha, hapo mwaka 1790, akikusudia ifike mita 150, na akawatumikisha maelfu ya mateka na watumwa. Alipofariki mwaka 1819 kazi ilikuwa imeshalegea, na kilichosimama ni mche wa tofali wenye kimo cha mita 50 hivi. Tetemeko la mwaka 1839 liliupasua, na nyufa zake, ambazo wageni wengi hupenda kupiga picha mbele yake, kwangu ni somo: tofali nyingi kiasi hicho zikirundikwa pamoja, uzito wake wenyewe huwa adui, kwa kuwa ardhi inapotikisika hazina namna ya kupinda. Karibu na hapo ipo kengele ya shaba iliyosubuliwa mwaka 1808, yenye uzito wa tani 90 hivi, ambayo mtu anaweza kuinama na kuingia ndani yake. Ipo pia stupa nyeupe ya Hsinbyume ya mwaka 1816, ambayo ngazi zake saba zenye mawimbi zinaashiria safu saba za milima inayouzunguka Mlima Meru, kitovu cha ulimwengu katika elimu ya Wabuddha.

Mto unashuka kutoka hapo kuelekea Sagaing, ambako vilima vimejaa monasteri, na Inwa, mji mkuu wa zamani ulioasisiwa mwaka 1364. Eneo hili liko kwenye Ufa wa Sagaing, mpasuko mkubwa wa ardhini unaosababisha matetemeko. Tarehe 28 Machi 2025 ufa huo ulitoa tetemeko la ukubwa wa 7.7, likaangusha daraja la zamani la mwaka 1934 na kuibomoa monasteri ya tofali ambayo Malkia Me Nu aliijenga Inwa mapema katika karne ya 19.

Kituo ambacho kampuni nyingi hukipa muda mfupi kupita kiasi ni Yandabo. Wanahistoria hukitaja kwa sababu ya mkataba wa tarehe 24 Februari 1826 uliomaliza vita vya kwanza kati ya Waingereza na Waburma (Burma ni jina la zamani la Myanmar), lakini wanakijiji wanaishi kwa mitungi. Mwanamke mmoja hulizungusha gurudumu na mwenzake hufinyanga shingo na mabega ya mtungi. Udongo ukikauka kidogo, huingiza mkono ndani akiwa ameshika kibonge kigumu, na kwa nje huupigapiga kwa kibao kilichochongwa nakshi, hadi tumbo livimbe na ukuta uwe mwembamba, nakshi nayo ikibaki imechapwa. Nyuso za wanawake hao zimepakwa thanaka, gome la mti lililosagwa kwa maji juu ya jiwe, kama wanawake wa pwani yetu wanavyosugua liwa. Mitungi huchomwa uwanjani, imerundikwa pamoja na kuni na kufunikwa majani makavu na majivu. Mingi huishia kando ya barabara, imejazwa maji kwa ajili ya mpita njia yeyote, na anayeijaza huhesabiwa thawabu. Thawabu hiyo hiyo ndiyo iliyowasukuma wafalme kujenga stupa. Tofauti ni mfuko tu.

Chini ya Yandabo, Mto Chindwin unaingia kutoka kaskazini-magharibi. Msomaji mwenye babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, huenda amelisikia jina hilo: Desemba 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivuka Chindwin huko Kalewa, na habari za Bama, yaani Burma, zilirudi nyumbani kwa Kiswahili.

Kisha Bagan, makao ya wafalme tangu karne ya 11 hadi ya 13, ambako zaidi ya majengo 2,000 bado yamesimama. Msogelee ukuta ambao lipu yake imebanduka. Tofali zimeshikana kiasi kwamba wembe haupiti kwa urahisi, na kinachoziunganisha ni utando mwembamba wa udongo. Baadhi zina mhuri wa kijiji kilichozifyatua. Mafundi wa Bagan walijua pia tao la kweli, lenye tofali zinazoelemeana kuzunguka kitovu kimoja, wakati majirani zao wa Angkor, katika Kambodia ya leo, walikuwa wakisogeza jiwe juu ya jiwe hadi pande mbili zikutane. Ndiyo sababu ukumbi wa hekalu la Bagan ni mpana na wa Angkor ni mwembamba. Ukarabati wa miaka ya 1990 uliyaongezea mahekalu mengi vilele vya kubuni, na tetemeko la Agosti 2016 liliangusha sehemu nyingi za namna hiyo. UNESCO iliuorodhesha mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2019 tu, na sioni kwamba ilikawia bila sababu.

Kuhusu kusafiri sasa, niseme wazi: tangu mapinduzi ya tarehe 1 Februari 2021 mkoa wa Sagaing umekuwa uwanja wa vita, na kingo za mto huu kati ya Mandalay na Pakokku, mji ulio juu kidogo ya Bagan, si mahali pa kumpeleka mgeni. Atakayekwenda amani ikirejea, na awe na siku za kutosha, ningemshauri atumie mchana mzima Yandabo, avue viatu na soksi katika kila uwanja wa hekalu, na akifika Bagan aanze na Bupaya, stupa ya ukingoni ambayo tetemeko la mwaka 1975 liliitupa mtoni ikajengwa upya.